Inoue, Fundi wa Viwanja vya Japani

Wasomaji wetu wapenzi wa Fizi na Baraka, mkiona jina la habari hii huenda mtacheka. Mtasema: "Japani ni mbali, na mchezo wenyewe hatuujui. Habari hii itatufaa nini?" Nasi tunawaomba mvumilie kidogo.

Kwetu mchezo ni kabumbu. Jioni, jua linapoteremka nyuma ya milima, watoto wa Baraka hupiga mpira mahali popote penye nafasi. Mpira ukikimbilia ziwani, mmoja huuogelea, na mchezo huendelea. Hakuna fundi aliyeuchora uwanja ule. Ardhi ilikuwapo, watoto wakaja, basi.

Lakini wako watu ambao kazi yao ya maisha ilikuwa kuchora viwanja. Mmoja wao ni Seiichi Inoue wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufa mwaka 1981. Katika nchi yake alichora viwanja 38, na hata leo Wajapani wanaopenda mchezo huo hulitaja jina lake kwa heshima. Tena habari yake si ya mchezo tu. Ni habari ya ardhi: nani aitumie, kwa kazi gani, na mtu afanye nini vita vinapoharibu yale aliyoyajenga. Hayo ni maswali ambayo mtu wa Fizi hana haja ya kufundishwa.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo huitwa gofu. Neno hilo lisitupoteze, kwa maana katika Kiswahili chetu gofu ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta tu. Hili ni neno jingine, lililotoka Uskoti, na maana yake ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo. Mpira wenyewe unaenea katika kiganja, na shimo lina upana wa sentimeta 10.8 tu. Uwanja kamili una mashimo 18. Kutoka mahali pa kuanzia hata shimoni, pengine ni mita 150, pengine ni mita 500 na zaidi. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi.

Njiani kuna nyasi zilizokatwa, na kando yake nyasi ndefu na miti. Yako pia mashimo makubwa yaliyotiwa mchanga kusudi, ili kumtega mpigaji asiyeangalia. Mwisho wa njia ni kiwanja kidogo cha nyasi fupi sana, laini kama mkeka. Sisi tutakiita mkeka, na katika mkeka ndimo lilimo shimo.

Sasa tuhesabu. Uwanja wa kabumbu haufiki hekta moja. Uwanja mmoja wa gofu huhitaji hekta 50, na pengine zaidi sana. Mahali pake vingeweza kuingia viwanja vya kabumbu zaidi ya 60, au mashamba ya mihogo ya jamaa nyingi. Kwa hiyo mchezo huu, tangu mwanzo, umekuwa wa watu wenye nafasi. Katika Afrika ya Mashariki uliletwa na Waingereza. Kilabu cha gofu cha Nairobi kilianza mwaka 1906. Kwa miaka mingi Waafrika waliingia katika viwanja hivyo kwa kubeba mifuko ya fimbo na kukata nyasi, si kwa kucheza.

Japani nako uliletwa na mgeni. Mfanyabiashara Mwingereza wa mji wa Kobe, jina lake Arthur Groom, alitengeneza mashimo manne juu ya mlima Rokko mwaka 1901, ili acheze na rafiki zake. Mwaka 1903 kilabu kikaanzishwa huko. Mwaka 1914 Wajapani wenyewe wakafungua uwanja wao pale Komazawa, Tokyo. Walioucheza walikuwa mabwana wa benki, wa biashara na wa ukoo mkubwa.

Kijana mgonjwa

Inoue alizaliwa Tokyo katika jamaa ya waganga wa macho. Mtu angedhani kwamba naye atashika kazi ya wazee wake. Lakini afya yake ilikuwa dhaifu, na masomo yake yakakatika. Wakampeleka Kawana, mahali pa pwani penye hewa njema, apate kupumzika. Kwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, kukaa tu huku wenzake wanasonga mbele ni jambo la kuumiza moyo.

Kumbe huko Kawana ndiko njia yake ilikokuwa. Mwishoni mwa mwaka 1930 alifika Japani Mwingereza mmoja, Charles Hugh Alison, fundi wa viwanja mwenye sifa. Aliitwa ili achore uwanja mpya wa kilabu cha Tokyo, pale Asaka. Alikaa nchini miezi michache tu, lakini katika miezi ile alichora pia uwanja wa Hirono, karibu na Kobe, na ule wa Kawana ambao upo juu ya majabali ya bahari. Mashimo yake ya mchanga yalikuwa na kina kirefu, hata Wajapani wakayaita kwa jina lake, "Arison", na hivyo huyaita mpaka leo. Tuongeze kwamba bwana huyo alimaliza maisha yake katika Afrika yetu: alikufa Johannesburg mwaka 1952.

Inoue aliiona kazi ya Alison pale Kawana. Aliona mtu anatembea juu ya ardhi iliyojaa mawe na misonobari, anasimama, anatazama, kisha anachora katika karatasi kitu ambacho hakipo bado. Wengine waliona vichaka. Yule mgeni aliona njia. Kijana akajua moyoni kwamba kazi hiyo ndiyo anayoitaka.

Kazi ya fundi

Baada ya hapo aliingia Kasumigaseki, katika jimbo la Saitama. Kilabu cha huko kilikuwa na uwanja mmoja uliofunguliwa mwaka 1929, naye Alison alitoa shauri la kuutengeneza upya. Inoue akafanya kazi chini ya Kinya Fujita, Mjapani aliyekuwa ameuchora uwanja ule, akajifunza kwa mikono na kwa macho. Uwanja wa pili, ule wa magharibi, ulifunguliwa mwaka 1932, na mchoro wake ni wa Inoue. Alikuwa na miaka 24 tu. Mwaka 1936 ukafunguliwa uwanja wa Nasu, kwenye mteremko wa mlima wa moto, na huo ndio wa kwanza kuufanya akiwa peke yake.

Mtasema: "Kuchora nyasi, hiyo nayo ni kazi?" Fikirini jambo moja tu, maji. Japani ni nchi ya mvua nyingi. Uwanja ukichorwa vibaya, maji hutuama, nyasi huoza, udongo huteremka bondeni. Fundi lazima ajue mvua itashukia wapi, itapita wapi, itatokea wapi. Lazima ajue upepo unatoka upande gani wakati wa baridi, na kivuli cha mti kitalala wapi asubuhi. Hana budi kutembea mahali pale siku nyingi, wakati wa jua na wakati wa mvua, kabla hajasema: "Chimbeni hapa."

Wazee wetu wanaijua elimu hiyo. Mzee wa milimani Fizi hajengi nyumba yake katika mkondo wa maji, ingawa mkondo ni mkavu miezi mingi. Wavuvi wa Ubwari wanajua upepo utakaogeuka kabla haujageuka. Na maji ya Tanganyika yalipopanda katika miaka hii ya karibuni, wengi wa pwani walijuta kwa kuwa walijenga karibu mno na ziwa. Ardhi inasema, lakini kwa taratibu.

Katika siku zile kazi ilifanywa zaidi kwa majembe na mikokoteni kuliko kwa mashine. Kuhamisha kilima kulikuwa gharama kubwa. Kwa hiyo fundi alilazimika kukubaliana na kilima. Penye mteremko alitumia mteremko, penye mti mzuri aliupitisha mchezo kando ya mti. Hapo ndipo Inoue alipojifunza tabia iliyomtambulisha maisha yake yote: mistari laini inayofuata umbo la nchi, hata mtu asiyejua aone kana kwamba uwanja uliota wenyewe.

Liko na jambo la nyasi. Majira ya joto ya Japani ni ya jasho na mvua, na majira ya baridi ni makali. Nyasi ya Kikorea hupenda joto, lakini wakati wa baridi hulala na kuwa kahawia. Nyasi ya Kizungu hupenda baridi, lakini joto la mvua huiua. Wajapani wakafanya shauri hili: kila shimo liwe na mikeka miwili, mmoja wa nyasi hii na mmoja wa nyasi ile, itumike kwa zamu kufuata majira. Kwa mchoraji ni taabu kubwa, maana njia moja inapaswa kuelekea mahali pawili bila kuonekana imepasuka. Inoue alisifiwa kwa ustadi wake katika jambo hilo. Watu wetu hawatashangaa. Michikichi husitawi chini karibu na ziwa, na viazi hupenda baridi ya juu Itombwe. Anayegeuza mambo hayo hupoteza mbegu.

Vita vinakuja

Inoue hakupata nafasi ya kufurahia kazi yake. Mwaka 1937 Japani iliingia katika vita na China, na mwaka 1941 ikaingia katika Vita Kuu ya Pili. Mchezo wa gofu ukaanza kutazamwa kwa jicho baya, kuwa ni anasa na ni mambo ya adui. Hata jina lake likatupwa, kwa sababu ni la Kiingereza, wakaweka neno la Kijapani lenye maana ya kupiga mpira. Uwanja wa Asaka, ule ambao Alison aliitwa kuuchora, ulichukuliwa na jeshi wala haukufikisha miaka kumi. Hirono nako ndege za jeshi zilipata uwanja wa kutua. Mahali pengi watu walilima ile mikeka ya nyasi wakapanda viazi vitamu.

Je, tuwalaumu waliopanda viazi? La, hatuwezi. Mwenye njaa haulizi kama nyasi ni nzuri. Ardhi ikiombwa chakula na watoto wenye njaa, mchezo hauna neno la kusema. Lakini hebu tumfikirie pia yule fundi. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na miaka 37. Miji ya nchi yake ilikuwa majivu. Kazi aliyojifunza haikuwa na mtu wa kuihitaji, na viwanja vilivyosalia vilitumiwa na askari wa Marekani walioitawala nchi hata mwaka 1952. Hapo sasa neno la Kiswahili lingefaa kweli: gofu lilikuwa gofu.

Wasomaji wa Baraka wanaelewa habari hii bila maelezo. Wengi wenu, au wazee wenu, mlivuka ziwa kukimbia vita vya mwaka 1996 na vile vilivyofuata mwaka 1998, mkakaa miaka mingi katika kambi za Kigoma, kama Nyarugusu. Tangu mwaka 2005 mashua za Umoja wa Mataifa zilianza kuwarudisha watu katika bandari ya Baraka. Wakashuka na mizigo yao, wakaenda kutafuta nyumba, wakakuta msitu. Penye shamba palikuwa na vichaka, penye mlango palikuwa na mti. Wengine walikuta jirani au mgeni analima pale, naye ana njaa vilevile. Aliyekuwa seremala alirudi bila randa, na mvuvi alirudi bila wavu. Swali la siku ile lilikuwa moja: Je, kazi ya mikono yangu imekufa, au imelala tu?

Mchanga wa Oarai

Inoue alijibu swali hilo pale Oarai, katika jimbo la Ibaraki, kando ya Bahari ya Pasifiki. Hapo ni pwani ya mchanga yenye misonobari myeusi, na upepo wa bahari hauna huruma. Si nchi ya kuoteshea mpunga. Hakuna aliyenyimwa shamba lake kwa ajili ya uwanja ule, na jambo hilo sisi tunaliona kuwa kubwa.

Alifanya nini? Hakupigana na mchanga, wala hakuikata misonobari yote ili apate nafasi. Aliipitisha njia ya mchezo kati ya miti ile, hata miti yenyewe ikawa ukuta na mtego. Upepo nao, badala ya kuwa adui, aliufanya kuwa sehemu ya mchezo: leo unasukuma mpira mbele, kesho unaurudisha nyuma. Uwanja wa Oarai ulifunguliwa mwaka 1953, na mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa viwanja bora na vigumu vya Japani. Mahali pasipokuwa na faida, mikononi mwa mtu aliyepoteza karibu miaka kumi ya kazi yake, palileta kazi bora kuliko zote alizozifanya kabla ya vita. Ile miaka ya kukaa haikuua ustadi wake.

Kisha mwaka 1957 likatokea jambo lililobadili yote. Mashindano makubwa ya mataifa, yaliyoitwa Kombe la Kanada, yalichezwa Kasumigaseki. Wajapani wawili, Torakichi Nakamura na Koichi Ono, waliwashinda Wamarekani wenye majina makubwa. Watu waliona katika televisheni, ambayo ilikuwa kitu kipya, kwamba Mjapani anaweza kushinda tena, wala si kwa bunduki. Nchi nzima ikataka kucheza. Kabla ya hapo viwanja vya Japani havikufika 200. Katikati ya miaka ya 1970 vilipita 1,000.

Inoue akaitwa huku na huku. Alichora uwanja wa Wattsu, karibu na Sapporo, kaskazini kwenye theluji, mwaka 1958. Alichora Ryugasaki mwaka huohuo, na Tokyo Yomiuri mwaka 1964. Mwaka 1976 ulifunguliwa uwanja wa Katsuragi katika vilima vya Shizuoka. Alipokufa mwaka 1981 alikuwa amefanya kazi hiyo nusu ya karne.

Upande wa pili

Tungekosa uaminifu tukinyamaza hapa. Mafanikio yale yalikuwa na uchungu wake. Fedha zilipozidi Japani katika miaka ya 1980, baada ya kifo cha Inoue, kuwa mwanachama wa kilabu kulinunuliwa na kuuzwa kama dhahabu. Mashine kubwa zilikata vilele vya milima na kujaza mabonde. Misitu ikaanguka. Wanavijiji wakanung'unika juu ya dawa za nyasi zilizoshuka katika mito yao, na mahali pengi wakasimama kupinga viwanja vipya. Mafundi wa wakati huo hawakuwa na haja ya kukubaliana na kilima, maana mashine iliweza kukiondoa.

Mwisho wake ulikuwa nini? Fedha zilipoanguka katika miaka ya 1990, vilabu vingi vilifilisika. Wachezaji walizeeka, vijana hawakuja. Katika miaka ya karibuni baadhi ya viwanja vimefunikwa kwa vioo vya kutoa umeme wa jua. Viwanja vya Inoue vingi vingali vinachezwa, na Kasumigaseki palifanyika mashindano ya gofu ya Olimpiki mwaka 2021, ingawa uwanja uliotumika ni ule wa mashariki, si wake.

Basi tuseme nini sisi? Hatusemi kwamba Fizi inahitaji uwanja wa gofu. Ardhi yetu ina kazi nyingine: mihogo, mpunga, michikichi, na nafasi ya watu waliorudi kukaa pamoja na waliowakuta. Tunasema jambo moja tu tuliloliona katika maisha ya mtu huyu. Aliitazama ardhi muda mrefu kabla ya kuigusa. Katika mahali alipopewa aliuliza kwanza: hapa pana nini tayari? Maji yanataka kwenda wapi? Mti gani usikatwe? Na penye mchanga usiotakiwa na mtu alifanya kazi iliyozidi ile ya penye rutuba.

Leo mipaka inagombaniwa, na kila mmoja ana haraka ya kuweka jiwe lake kabla jirani hajaweka lake. Hapo macho ya namna hiyo yana thamani kubwa. Kabla ya kukata, tutembee mahali pale pamoja na wazee, tena na jirani tunayemwogopa, wakati wa jua na wakati wa mvua. Ardhi ile ilikuwapo kabla yetu, nayo itakuwapo baada ya mashindano yetu yote. Jioni ya leo watoto wa Baraka watapiga mpira juu yake, nao hawataki mengi: wanataka tu mahali palipo sawa, na mtu mzima asiyewafukuza.